Mjomba wa Masjala

Jumamosi alasiri, ndugu zangu, ndiyo saa aliyoipenda Mama Dobi kuliko zote. Wateja walikuwa wameshachukua nguo zao za wikendi, nguo za kupigwa pasi zimebaki chache tu mezani, na binti yake yuko nyumbani kutoka chuo kikuu alikokuwa akisomea ualimu. Binti huyo majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jumamosi moja alikuwa akinyunyizia mashati maji huku akimwigiza mhadhiri mmoja ambaye hukohoa kila akitaka kusema neno "nadharia". Mama akacheka mpaka akaunguza kola.

"Mwenye shati atasema nini sasa?" akauliza mama.

"Mwambie ndiyo fasheni, mama. Mwezi ujao wote watataka kola za kahawia."

Raha hiyo hawakuipata bure. Chiriku aliwahi kuchumbiwa na mwanamume mmoja mwenye sauti laini na mkono mzito. Alipompiga mara ya kwanza alisamehewa. Alipompiga tena, Mama Dobi alirudisha kila kitu cha uchumba na akamwambia asikanyage tena kizingiti chake. Akakanyaga. Alivunja dirisha, alimvizia binti kituoni, aliwapigia simu mchana kutwa. Mwishowe mama na mwana walihama mtaa, wakabadilisha namba, wakaanza upya mahali wasipojulikana na mtu.

Ndiyo maana Chiriku alipopata chumba bwenini, hawakwenda kwanza kutafuta godoro. Walikwenda masjala, ile ofisi inayotunza mafaili ya wanafunzi. Nyuma ya kaunta alikaa karani waliyemwita Bwana Karibu, mtu mwema kwelikweli, asiyeweza kumwona mtu amesimama bila kumuuliza anahitaji nini. Walimweleza yote bila kuficha. Walimwomba jambo moja tu: namba ya chumba cha binti huyu, namba yake ya simu na ratiba yake asipewe mtu yeyote.

"Dada, ondoa shaka," alisema Bwana Karibu. "Hapa siri ikiingia, imeingia kaburini."

Kaburi gani hilo, jamani, lililokaa mlango wazi!

Jumanne iliyofuata Jumamosi ile ya kola, Mama Dobi alikuwa akipanga suruali kwenye hanga alipopigiwa simu na msichana aliyelala chumba kimoja na binti yake. Msichana alikuwa akilia, maneno hayashikiki. Mama aliacha duka wazi na pasi ikiwaka; jirani ndiye aliyekwenda kuichomoa. Hospitalini alimkuta mwanawe amevunjwa mkono wa kulia na taya. Madaktari walilifunga taya kwa nyaya, na Chiriku yule ambaye hakujua kunyamaza alilala akimtazama mama yake tu, machozi yakimtoka pembeni.

Mambo yalikuwa hivi. Mlango wa chumba ulibishwa mchana, saa ambayo Chiriku hakuwa na kipindi. Akadhani ni mwenzake amesahau ufunguo, akafungua. Alikuwa yule yule mchumba wa zamani, amevaa vizuri, ameshika mfuko wa machungwa. Wasichana wa vyumba vya jirani walipofika kwa kusikia kelele, yule mtu alikuwa ameshamaliza kazi yake na kuruka ngazi. Polisi walianza kumtafuta. Hawakumpata.

Mama Dobi alikaa kando ya kitanda akijiuliza swali moja. Chuo mtu angeweza kukisikia popote, lakini bweni lina vyumba vingi kama sega la nyuki. Nani alimwonyesha kimoja? Na nani alimwambia kwamba saa ile binti yumo ndani?

Alikwenda kwa Msajili, mkuu wa mafaili yote ya chuo. Msajili alikuwa mama wa makamo mwenye ofisi baridi na kiti cha kuzunguka. Alimpa pole ndefu, nzuri, yenye kila kitu isipokuwa jibu. Mama akauliza ni nani aliyetoa habari za mwanawe, alimpa nani, na alitoa zipi.

"Mama, hizo ni taarifa za ndani," alisema Msajili. "Lazima tulinde faragha."

"Faragha ya nani?"

"Ya mtumishi anayehusika."

Ndugu msomaji, hebu simama hapo kidogo. Chumba cha binti kilitoka ofisini humo bila jasho, na jina la aliyekitoa ndilo lililofungiwa kabatini. Faragha iliyokosekana kwa aliyevunjwa taya ilipatikana tele kwa aliyesababisha. Mama Dobi alitoka mle ofisini na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Ila hakuwa mtu wa kulia na kwenda zake. Aliuliza huku na huku mpaka akaambiwa kwamba mwanafunzi ana haki ya kuandika na kudai kujua habari zake zimetumiwaje, na chuo kina wajibu wa kumjibu. Chiriku akaandika ombi kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka. Chuo kikasema mwombaji aje mwenyewe na kitambulisho. Akaja, taya limefungwa. Wakasema anayeshika mhuri yuko safarini. Akarudi. Wakasema ombi halionekani, aandike jingine. Akaandika jingine. Kisha wakajibu kwa mstari mmoja kwamba ombi limekataliwa ili kulinda faragha. Mama na binti wakakata rufaa, na baada ya kuzungushwa sana wakaitwa mbele ya kamati.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na chupa za maji mbele ya kila mkubwa. Mbele ya Chiriku hapakuwa na chupa. Mwenyekiti alimwita Bwana Karibu aeleze. Karani alisimama akikunja na kukunjua leso yake. Hakudanganya, hilo nampa.

"Alikuwa mtu wa heshima," alisema. "Alinisalimia vizuri, akaniita kaka, akaniuliza habari za watoto. Akasema yeye ni mjomba wa binti, katoka safari ya mbali na anataka amkute ghafla, afurahi. Nikamwonyesha bweni na chumba. Nikatazama na ratiba, asije akakuta mlango umefungwa."

Mama Dobi aliinuka bila kuomba ruhusa.

"Kaka, mjomba ni nani?"

Bwana Karibu alishangaa. "Mjomba? Si kaka wa mama."

"Mama ndiye mimi. Kwetu nilizaliwa peke yangu, sina kaka wala dada. Wewe ulikuwa na namba yangu kwenye faili. Ungenipigia ukaniambia, 'Dada, kaka yako yuko hapa,' ungejua."

Karani aliketi, akajifunika uso kwa leso. Alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, lakini nisikilizeni: kilio cha kweli hakiungi mfupa. Wema usiouliza swali hata moja ni hatari kuliko ukali. Mkali angemfukuza yule mtu pale mlangoni na machungwa yake.

Mwenyekiti akaona hali imekuwa nzito, akatabasamu kidogo, akasema, "Basi, mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele ni hii hapa," Mama Dobi akasema, akaligusa shavu la mwanawe. "Haijapita. Inakunywa uji kwa mrija."

Hapo ndipo chuo kilipolegea. Kamati iliomba radhi. Bwana Karibu alihamishiwa stoo. Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo habari za mwanafunzi zisitoke bila mwenyewe kuulizwa, na Msajili akaahidi kutoa taarifa rasmi ili kila mtu ajue chuo kimejirekebisha. Mama na binti wakarudi nyumbani wamechoka, ila kifua kimekuwa chepesi. Nyaya zilipotolewa, Chiriku alianza kusema pole pole, akaanza hata kumwigiza mwenyekiti. Alipanga kurudi darasani muhula unaofuata. Mama alianza kumshonea mifuko ya ndani kwenye sketi zake, aweke ufunguo.

Kisha taarifa rasmi ikatoka.

Mteja mmoja alikuja kuchukua mapazia yake, akamwonyesha Mama Dobi simu kwa furaha. "Mama Dobi, mmekuwa watu maarufu. Imebandikwa kila ubao chuoni, na huku kwenye simu tunarushiana."

Mama akasoma. Jina kamili la binti lilikuwepo, la kwanza mpaka la tatu. Mwaka anaosoma ulikuwepo. Mifupa iliyovunjika ilitajwa mmoja mmoja, pamoja na kwamba aliyeivunja aliwahi kuwa mchumba wake. Na mwishoni, kwa lugha tamu ya kuwatuliza watu: mwanafunzi anaendelea vizuri nyumbani kwa mama yake mzazi, mwenye duka la dobi nyuma ya kituo cha mafuta, na atarejea masomoni muhula ujao.

Mama Dobi alipiga simu kwa Msajili. Alimwambia kwamba yule mtu hajakamatwa, kwamba sasa anajua mtaa, anajua duka, anajua na wakati wa kumvizia getini chuoni. Msajili alikasirika, kama aliyetoa zawadi ikakataliwa.

"Mama, si wewe uliyetaka habari zitolewe? Ulitaka uwazi. Tumetoa uwazi."

Mama Dobi alikata simu. Kulikuwa na kazi. Jioni ile ile alirudisha nguo za watu, nyingine hazijapigwa pasi, nyingine bado zina unyevu, akawa anaomba radhi mlango kwa mlango. Chiriku alikunja sketi zake zenye mifuko ya ndani. Asubuhi duka lilikuwa tupu.

Wiki haikuisha, majirani wakamwona mwanamume mmoja nadhifu, mwenye sauti laini, akigonga mlango wa duka lile. Alisalimia watu vizuri sana. Aliuliza mwenye duka amehamia wapi, eti yeye ni ndugu.

Chiriku hakurudi chuoni. Ualimu ule umekufa, na mama yake ameanza tena kutafuta wateja ugenini, kwa mara ya pili. Mtaniuliza, wamehamia wapi? Siwaambii. Hata aje nani na aniite kaka, simwambii.

FUNZO

Habari za mtu ni mali ya mwenyewe. Ukiwekewa ofisini, umewekewa amana, na amana haigawiwi kwa sababu aliyekuja kuiomba ana adabu. Muulize mwenyewe kwanza. Kumuuliza si kumvunjia mtu heshima, na mjomba wa kweli atangoja.

Lakini habari za kazi ya ofisi, nani alifanya nini na kwa nini, hizo ni za watu, na aliyeumizwa na kazi hiyo akizidai apewe bila kuzungushwa. Msajili yule aliyageuza mawili haya: alificha la kutolewa, akatoa la kufichwa, na mara zote mbili alitumia jina zuri. Mara ya kwanza aliliita faragha, mara ya pili akaliita uwazi. Mkisikia maneno hayo mazuri, ulizeni yanamlinda nani.

Na sisi tuliorushiana taarifa ile kwenye simu, tukisikitika na kuongeza alama za kulia, tusijitoe. Yule mtu hakwenda kusoma ubao wa chuo. Aliletewa mkononi, na mmoja wetu.