Mashina Marefu ya Chumba cha Uani

Dada yangu hana roho mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkisikia mpaka mwisho mtamsema, na mimi dada yangu akisemwa naumia. Haya, nimesema.

Kilimo cha uyoga alikisomea kwenye semina ya siku mbili. Siku ya kwanza walifundishwa unyevu: chumba kikikauka, uyoga nao unakauka. Siku ya pili walifundishwa hewa, na siku hiyo bibie alikuwa saluni anasuka. Akarudi na nusu ya elimu na mbwembwe zote. Akaning'iniza mifuko ya mabua kwenye chumba cha uani, akaziba dirisha kwa nailoni, akaibana kwa selotepu pande zote. Hata mbu angepiga hodi kwanza.

Shida ni kwamba chumba hicho ndimo alimokuwa akilala mama mkwe wake. Kitanda huku, mifuko kule. Mama wa watu alikuwa na kifua. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi bomba, anatoka na giza anarudi na giza, kwa hiyo hakuona kitu.

"Mwanangu, nifungulie dirisha kidogo. Nakosa pumzi," mama alikuwa anaomba.

"Vumilia, mama. Uyoga utakauka."

Mchana mmoja dada alikwenda hotelini kutafuta mnunuzi wa uyoga. Aliporudi alimkuta mama sakafuni, chini ya dirisha, amekwisha kata roho. Kucha zake zilikuwa zimejaa selotepu.

Dada aliing'oa nailoni, akafungua dirisha. Kisha, kabla hajaita mtu, akamsafisha mama kucha. Daktari alisema ni moyo. Majirani wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Shemeji aliuliza swali moja tu: "Dirisha lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi," dada akajibu.

Mimi aliniambia ukweli jikoni, akikata vitunguu ili mtu akiingia asiulize machozi ya nini. "Mume wangu akijua, ndoa sina," alisema. "Na atakuwa na haki."

"Mwambie, dada. Atakapojua kwa mwingine itakuwa vibaya zaidi."

"Siwezi, mdogo wangu. Siwezi kabisa."

Msiba ukaisha, kitanda kikatolewa, uyoga ukaota. Jamani, uyoga gani ule! Mashina marefu, meupe, membamba kama vidole vya mgonjwa, na juu yake kofia ndogo kama vifungo vya shati. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo kwa dada, vifungo navijua. Dada akamwita muuza mbegu, mwanamke mcheshi tunayemwita Mama Mbegu, aje aangalie.

Dada alimtolea mfuko mmoja nje, Mama Mbegu akacheka. "We mtoto, uyoga unapumua kama wewe! Hewa chafu ikikosa pa kutokea, shina linarefuka kutafuta hewa safi, kofia inadumaa. Huu unaunyonga. Fungua dirisha."

Dada alishika ukuta. Mama Mbegu akadhani ni aibu ya mwanafunzi, akampigapiga mgongoni.

Tatizo ni kwamba sisi tulijua dirisha liko wazi. Dada aliapa kwamba tangu msiba hajaliziba tena. Tukaingia wote kuangalia. Nailoni ilikuwa mahali pake. Selotepu mpya, pande zote nne.

Tukaichana. Kesho yake tukaikuta tena. Nikamshuku dada, dada akanishuku mimi, tukatukanana mpaka tukachoka. Kisha nikaona jambo ambalo sikulisema. Uyoga huinama kuelekea hewa inakotoka. Ule wetu ulikuwa umeinama kumwelekea dada, na alipohamia kufanya kazi upande wa pili wa chumba, ilipofika alasiri nao ulikuwa umegeukia huko.

Mchana mmoja nilikuwa sebuleni nashona, dada yuko kwenye uyoga wake, jua kali nje. Nikasikia mlango wa chumba cha uani ukigongwa kutoka ndani. Mlango ule hauna kitasa wala komeo, tunauegesha tu. Nikausukuma. Haukwenda. Nikausukuma kwa bega.

"Nifungulie," dada alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nakosa pumzi."

"Sogea! Nausukuma!"

Kisha kikohozi. Hakikuwa cha dada. Nakijua kikohozi kile.

"Vumilia, mwanangu," mtu akanong'ona ndani. "Uyoga utakauka."

Nilipiga yowe. Mlango ukaachia wenyewe, nikaangukia ndani. Dada alikuwa chini ya dirisha. Peke yake. Midomo imebadilika rangi. Nikamburuta hadi uani, nikampepea kwa kanga yangu, nikilia kama mtoto.

"Leo namwambia," alinong'ona alipopata pumzi.

Jioni shemeji aliporudi, dada hakumwacha hata avue viatu. Alisema yote. Nailoni, kuomba kwa mama, selotepu, kucha. Alisema akiwa amepiga magoti, na mimi nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze, maana nami nilijua na nilinyamaza.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua," akasema.

Dada alinitazama. Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia.

"Nani kakuambia?"

"Mama." Alisema taratibu, kama mtu aliyechoka na kazi. "Kila nikifika mlangoni ananiegemea hapa begani, ananieleza. Nikamjibu, mke wangu ataniambia mwenyewe, tumsubiri. Nimekusubiri sana."

Alivua shati, akaliweka kitini, akaenda kuoga. Hakumfukuza dada. Mpaka leo wanaishi pamoja, anamsalimia asubuhi, anamwachia ya matumizi, hamwinulii sauti. Dada anasema heri angemfukuza.

Shati lile nililichukua mimi nikalifue. Kwenye bega la kulia palikuwa na vumbi jeupe, laini, lile ambalo uyoga hulimwaga ukikomaa. Shemeji hajakanyaga chumba cha uani tangu msiba. Na uyoga wetu haukuwahi kukomaa hata mmoja.