Jina la Muhirwa Katika Ubeti wa Pili

Nilikwenda kuchukua simu. Hicho tu ndicho kilichonitoa nyumbani jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu na njia za Kashojwa, kijiji chetu ndani ya kambi ya Nakivale, zikiwa tope tupu. Simu nilikuwa nimeiacha kwa Baudouin tangu asubuhi. Baudouin ana betri ya gari na paneli moja ya jua juu ya bati lake, na nusu ya kijiji tunachajisha kwake. Mwaka ule wa 2015 simu ndiyo ilikuwa maisha yangu. Zilibaki siku tatu nizindue albamu yangu ya kwanza, na mashabiki zaidi ya elfu mbili walikuwa wakinisubiri kwenye Facebook, wengine Uvira, wengine Nairobi, wengine Australia huko. Mimi, Benitha, mwimbaji wa kwaya ya kambini, najibu salamu za Australia nimeketi juu ya ndoo! Kichwa kilinivimba, sikatai.

Baudouin hakuitikia hodi yangu. Aliisukuma simu juu ya meza kwa ncha ya kidole.

"Chukua hii simu yako. Na usiirudishe tena hapa."

"Imefanya nini?"

"Nimeizima mara mbili. Nikatoa na betri. Angalia, betri ni hii." Akaiweka pembeni. "Lakini iko inaimba."

"Inaimba nini, Baudouin?"

Akachungulia nje kwanza. "Ile wimbo yako mupya. Lakini haimalize. Inaimba fasi moja tu. Fasi ya Muhirwa, pale jina yake iko."

Nilicheka, kicheko kikatoka kibaya. Nikachukua simu na betri, nikaondoka bila hata kushukuru.

Ukweli wangu niuseme hapa hapa, maana nikiuacha mpaka mwisho nitaupamba.

Miezi mitatu kabla, niliwaandikia mashabiki wangu hivi: nitumieni majina ya watu wenu, nitawaimba wote. Ubeti wa kwanza utakuwa wa wanaotafutwa, wale waliopotea kwenye vita na hakuna anayejua walipo. Ubeti wa pili utakuwa wa marehemu. Majina yakamiminika. Nililia nikiyasoma, nikalala nikiyahesabu, na nilifurahi pia, Mungu anisamehe, kwa jinsi ukurasa wangu ulivyokuwa ukikua.

Jina la Muhirwa lililetwa na mama yake mwenyewe, Mama Mukarukundo, jirani yangu wa nyumba ya sita. Hana simu. Alikuja kwa miguu, akaketi, akasema mwanawe alibaki nyuma walipokimbia Kivu ya Kusini miaka mitatu iliyopita. Kila jioni bado anamwekea sahani yake. Watu walikuwa wamemshauri mara nyingi aweke kilio, akakataa. Kwetu mtu asiyejulikana alipo haliliwi. Ukimlilia, umemfungia mlango.

"Umuimbe na bale benye kutafutwa," akaniambia. "Pengine atasikia fasi iko, atajua niko namungojea."

Nikamwahidi. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwahidi.

Siku ya kurekodi, studio ndogo ya Kakiika, kule Mbarara, familia moja ikanipigia asubuhi kwamba hawataki mzee wao Gervais aimbwe kwa gitaa la umeme. Mzee Gervais alikuwa kwenye ubeti wa pili. Muziki ulikuwa tayari umepangwa, na pale alipotolewa pakabaki pengo. Fundi wa studio, Arinaitwe, alitazama saa.

"Wewe dada, hapa kwa wafu inabaki nafasi moja wazi. Weka jina ingine haraka. Umeme itapotea saa hii."

Nikaangalia karatasi yangu. Nikalijaribu la Muhirwa mdomoni. Lilikaa vizuri mno. Nikajisemea, miaka mitatu bila simu, bila barua, huyu si amekufa tu, sote tunajua? Nikaliimba, tena nikalivuta kwa machozi. Arinaitwe akapiga makofi.

Kipande hicho ndicho nilichokirusha kwenye ukurasa wiki tatu kabla ya uzinduzi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kitamu kuliko vyote. Watu wakakisambaza. Kikaingia kambini kutoka simu hadi simu, mpaka jirani mmoja akambonyezea Mama Mukarukundo asikilize.

Hakuja kuniuliza. Alianguka chini, akapiga ukunga.

Alidhani nina habari. Na nani angemlaumu? Kambi nzima ilijua nina mashabiki kila mahali, Uvira, Bukavu, mpaka ng'ambo. Kama Benitha amemwimba na marehemu, basi kuna mtu amemwambia. Nilipofika pale kilioni, nyumba ilikuwa imejaa. Mama akaniinulia uso.

"Nani alikuambia, mwana yangu?"

Ningeweza kusema pale pale. Watu wote walinigeukia, wakingoja. Nikasema: "Shabiki wangu mmoja wa Uvira. Alimwona akizikwa."

Basi. Siku saba wakalala kilio. Siku ya nane wakanyoa nywele, wakagawa nguo zake, na blanketi lake ambalo mama alilibeba mgongoni kutoka Kongo. Baba mdogo wa marehemu akasimama mlangoni akamwambia mama mbele yetu sote: huyu tumemmaliza. Akikuita jioni, usiitike. Atakayekuita si mwanao.

Siku mbili baadaye, chini ya kile kipande, akaunti isiyo na picha iliandika maneno mawili.

*Niko muzima.*

Mashabiki wangu walimrukia. Mwacheni marehemu apumzike. Shetani wewe. Dada Benitha, mfute huyu. Wengine walikuwa bado wanaandika pumzika kwa amani chini ya maneno yake. Nami nikamfuta. Akaandika tena, safari hii kwenye ujumbe wa siri: *Dada, miye ni Muhirwa. Umeniweka fasi gani?* Nikamzuia asiweze kuniandikia kabisa. Nilijiambia ni tapeli. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba.

Hata hivyo ujumbe ukaendelea kuingia.

*Niko Mbarara.*

*Niko mu gari.*

*Niko Rwekubo.* Magari ya Mbarara hushusha watu hapo, na kutoka hapo mpaka kwetu ni mwendo wa miguu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilipotoka kwa Baudouin sikuirudisha betri ndani ya simu. Nilitembea haraka, kandambili zikinasa kwenye tope. Giza lilikuwa linaanza kushika. Watu walikuwa wakipika, moshi umelala juu ya mapaa. Nikafika kwenye bomba la maji la njia panda. Saa ile pana foleni ya madumu na kelele za akina mama kila siku.

Hapakuwa na mtu.

Hata dumu moja.

Nikasikia harufu kwanza. Udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo... na ndani yake moshi wa nguo zilizolowa.

"Dada Benitha."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa bomba. Kijana mrefu, mwembamba, koti limelowa mpaka linachuruzika, mfuko wa plastiki mkononi. Sikuuona uso vizuri.

"Wewe nani?" nikauliza.

"Ni miye."

"Wewe nani, nimesema?"

"Ule uliimba jina yake."

Nilitaka kupiga kelele, nikawa napumua tu. Yeye hakusogea. Aliongea polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

"Mu gari nilisema jina yangu, batu bakaninyamazia. Jana nilifika kwa mama. Nikabisha. Nikasema, mama, ni miye. Akazima taa."

"Unataka nini kwangu?"

"Twende sote. Wewe ndiye utasema." Akavuta pumzi. "Sauti yako batu banaiamini."

Sijui kwa nini nilienda. Labda kwa sababu hakunitisha wala hakunitukana. Angenitukana ningekimbia. Tulitembea yeye nyuma yangu, na njia yote nilimwomba Mungu vitu viwili visivyopatana: awe mtu, na asiwe mtu. Akiwa mtu, mimi nimemzika mwana wa mwenzangu akiwa hai. Asipokuwa mtu, basi sikukosea sana, jina lilikuwa mahali pake. Mnaona nilivyokuwa? Hata pale nilikuwa naitafutia roho yangu pa kutokea.

Kwa Mama Mukarukundo taa ilikuwa inawaka. Nikabisha.

Taa ikazimika.

"Nani?" Sauti yake ilitoka karibu kabisa na mlango, kama alikuwa amesimama pale muda wote.

"Ni miye, mama. Benitha."

Komeo likalia kidogo.

"Uko na nani?"

Pale ndipo yule kijana aliponishika. Vidole vyake vilizunguka kifundo cha mkono wangu, vikakaza. Akainama sikioni.

"Sema," akanong'ona. "Sema tu niko muzima."

Neno moja. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nikaiona Jumapili. Nikauona uwanja wa kanisa umejaa, wageni kutoka Mbarara, mchungaji akinitambulisha, na Mama Mukarukundo akisimama katikati yao kusema: huyu alinidanganya, mwanangu alikuwa hai, nilinyolewa nywele kwa ajili ya wimbo wake. Nikawaona wale watu zaidi ya elfu mbili wakisoma.

"Uko na nani, Benitha?"

"Niko peke yangu, mama."

Vidole viliachia. Kimoja... kimoja... kimoja.

Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama na kichwa chake kilichonyolewa, hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, akatazama kwa muda mrefu. Nikageuka. Palikuwa na njia, tope, na moshi.

"Nilikuja kukujulia hali," nikasema.

"Asante," akasema, akafunga.

Alfajiri nilirudi kuangalia ile njia. Tope lilikuwa limeanza kukauka na lilikuwa limetunza kila kitu. Toka bombani mpaka mlangoni kulikuwa na alama za kandambili zangu tu, kwenda na kurudi. Nikashusha pumzi. Nikaenda nyumbani nikanywa chai kwa mkate, nikaanza kuamini kwamba niliota nikiwa macho. Mchana Baudouin akaja kusema kwamba konda mmoja wa Rwekubo anasimulia juu ya kijana mrefu aliyeshuka juzi na mfuko wa plastiki, akauliza njia ya Kashojwa. Hakuna aliyemwona akirudi. Ujumbe haukuingia tena. Akaunti yenyewe nikaitafuta, sikuiona.

Jumapili nikaimba. Mtanidharau, mna haki. Nilipofika ubeti wa pili niliuma ulimi nikaliruka jina, lakini uwanja mzima ulikuwa umeshalikariri, wakaliimba wao. Wakaliimba kwa mikono juu, huku wamefumba macho. Kipande nilikifuta jioni ile ile. Nilifuta nini? Kipo kwenye kila simu hapa Nakivale.

Jumatatu asubuhi Mama Mukarukundo alikuja kwangu. Nje kulikuwa na jua kali, kuku wanapekua, watoto wa jirani wanakwenda shule. Aliketi pale pale alipoketi siku alipoleta jina. Nikamkaribisha chai, akakataa kwa mkono.

"Ile magaribi," akasema, "ulipobisha kwangu. Nilisikia miguu ya batu babili."

Nikaweka birika chini.

"Banasema nisiitike. Miye ni mama, ningeitika. Nilikuwa nimeshashika komeo. Nikasema mu roho yangu, Benitha atasema. Benitha akisema ni muzima, nitafungua, hata kama bote batanicheka. Ukasema uko peke yako."

"Mama..."

"Sikugombeze. Kama ulinyamazia kitu kibaya kisiingie mu nyumba yangu, Mungu akubariki." Alinisogelea. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Niambie kitu moja tu, nipate kulala. Alikugusa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mukono yake ilikuwa namna gani? Batu benye kufa banakuwa baridi. Ilikuwa baridi?"

Alikuwa ananiomba. Niliona wazi kwamba ananiomba, na kwamba kuna jibu moja tu ambalo angeweza kurudi nalo nyumbani kwake na kuishi.

"Ilikuwa baridi, mama," nikasema. "Baridi kama maji ya bomba."

Alifunga macho. Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi, akasimama akaenda zake polepole, akishikilia ukuta mpaka alipofika njiani.

Nikabaki nimeshika kifundo cha mkono wangu. Mkono wake ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto la homa, na ndani ya kidole gumba chake mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio, mbio, yakingoja niseme.