Kiti Kisikae Kitupu

Gari lilikuwa na kosa moja tu, na kosa lenyewe lilikuwa limefungwa mkanda.

Lilikuwa gunia la mchanga, kubwa kama mtu mzima aliyejikunyata. Lilikalishwa kwenye kiti cha nyuma cha kushoto na kufungwa mkanda wa usalama, kana kwamba nalo linaogopa ajali. Huko nyuma kiti kilikuwa hicho kimoja. Cha kulia kiling'olewa ili kitanda, jiko la gesi na makabati vipate nafasi. Mengine yote yalikuwa sawa. Fundi alilala chini ya vani ile saa nzima, akagonga, akanusa, akavuta, akatoka na grisi hadi kwenye nyusi, roho yake imeridhika. Hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwao alikuwa na karakana ya springi, na watu walimtania kwamba gari likipita tu anaweza kukuambia limebeba nini na dereva amegombana na nani nyumbani.

"Shemeji, hebu muulize hili gunia la nini," alisema.

Shemeji, mjane wa mdogo wake, ndiye aliyejua lugha ya huko ugenini. Mwenye gari, mzee mrefu aliyevaa sweta mbili kwa pamoja, alijibu huku akitazama viatu vyake.

"Anasema kiti kisikae kitupu."

"Kwa nini?"

Shemeji akauliza tena. Mzee akainua mabega.

"Anasema naye aliambiwa hivyohivyo alipouziwa."

Fundi akacheka. Uzito wa upande mmoja ndio ugonjwa uliomlisha maisha yake yote, sasa aununue kwa hiari? Akafungua mkanda, akalikumbatia gunia, akalitupa uani. Mzee alilitazama likipasuka. Akawakabidhi funguo na karatasi, akaingia ndani bila kuaga, na kabla hawajafika barabarani walisikia komeo la mlango likisukumwa. Rahisi hugharimu, wahenga walisema, lakini aliyepata gari zuri hana muda wa wahenga.

Safari ile haikuwa yao. Ilikuwa ya Mjusi, mdogo wake Fundi, aliyepewa jina hilo tangu utotoni kwa sababu ukuta kwake ulikuwa sakafu. Miaka kumi aliweka ramani kwenye ukuta wa karakana ya kaka yake: wapande ndege, wanunue gari kuukuu hukohuko ugenini maana kukodi kwa miezi mitatu ni kujikata koo, walale ndani yake, wafuate barabara moja inayopanda tu, na njiani wapande miamba sita, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia. Alikuwa amewapangia hata viti. Mbele ndugu wawili, nyuma mke wake, "akae akinisifia."

Miezi tisa iliyopita Mjusi alianguka kwenye mwamba wa kwao, ule aliokuwa akiuchezea tangu shuleni. Kamba ilikatika, Fundi alisema, akaileta nyumbani ikiwa vipande viwili. Matanga yalipokwisha, Shemeji alimwendea karakanani, akasimama mbele ya ile ramani.

"Tutaenda, shemeji. Mkanda wake wa kupandia nitauacha juu ya mwamba wa sita. Nikiuacha huko nitajua amefika, na mimi nitapata usingizi."

Fundi hakuweza kukataa. Angekataa kwa uso gani?

Basi walipotoka kwa yule mzee, Shemeji alichukua begi la marehemu, lenye ule mkanda wa kiunoni, viatu na mfuko wa chaki, akaliweka kwenye kiti cha nyuma na kulifunga. Akalipigapiga begani.

"Mzee kasema kisikae kitupu. Haya mume wangu, kaa."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu mazishi. Fundi alifurahi kuusikia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wala hakujua ni ya kicheko au ya nini.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Fundi alikuwa na mazoea ya kupima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya gurudumu la nyuma na bati lililo juu yake. Siku ya kwanza, vidole vinne kulia, vinne kushoto. Siku ya pili, vinne kulia, vitatu kushoto. Akahamisha maji na mitungi ya gesi upande wa kulia. Siku ya tatu, bado vitatu. Begi lile halikufika hata kilo sita.

Siku hiyohiyo, alipowasha injini, alisikia nyuma yake sauti ndogo, *kach*, sauti ya mkanda wa usalama ukiingia mahali pake. Akatazama kwenye kioo. Begi lilikuwa limekaa kimya, limefungwa kama lilivyokuwa. Kisha ikaja harufu ya chaki na jasho, na ya ile dawa ya mgongo ambayo Mjusi alijipaka vidoleni, na Shemeji akageuza uso dirishani, akalia bila sauti.

Mwamba wa kwanza waliufikia asubuhi ya siku ya tano, jua limewaka, ndege wanalia. Shemeji aliteremka kijitoni kuchota maji. Fundi akafungua mlango wa nyuma atoe kamba.

Mkanda wa Mjusi ulikuwa umetoka begini. Ulikuwa juu ya kiti, umefungwa kiunoni, lakini hapakuwa na kiuno. Vitanzi vyake viwili vya mapajani, vitambaa laini ambavyo siku zote hulala chini kama soksi, vilikuwa vimesimama duara, vimejaa, vimekaza, kama vimeshikilia mapaja ya mtu. Na mbele yake ilipitishwa ncha ya kamba, na kwenye kamba kulikuwa na fundo lililoanzwa likaachwa nusu, mkia wake unaning'inia.

Fundi alilijua fundo lile. Duniani kote ni yeye peke yake aliyewahi kuliona.

Sasa, wapanda miamba wana desturi isiyo na mkubwa wala mdogo. Kabla mguu haujaacha ardhi, kila mmoja hukagua fundo la mwenzake, kwa jicho na kwa mkono. "Nikague," husema mmoja. "Nimekukagua," hujibu mwingine. Hata kama mmepanda pamoja miaka ishirini, hata kama mmetoka tumbo moja.

"Kaka," sauti ikasema kutoka kitini, ya upole, yenye kicheko chembamba mwishoni kama ilivyokuwa siku zote. "Nikague."

Fundi alifunga mlango kwa nguvu. Shemeji aliporudi na ndoo alimkuta amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu, akasema kichwa kinamuuma, leo wasipande.

Hawakupanda mwamba ule, wala mwingine wowote. Cha ajabu, Shemeji hakulalamika. Alihamia nyuma, kwenye godoro lililokuwa kando ya kile kiti, akisema mbele jua linamchoma. Alianza kula. Asubuhi moja alinyoosha mikono, akatabasamu.

"Nimelala, shemeji. Jana nimelala kama mtu."

Fundi akatazama kwenye kioo. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kiti, akakiegemeza hewani, usawa wa bega la mwanamume aliyeketi, na nywele zake za upande ule zilikuwa zimelala, zimebonyea juu ya kitu kisichokuwepo.

"Unaongea na nani huko?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Na mume wangu," alijibu, naye kwa sauti ndogo, kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. "Usinifukuzie, shemeji. Tafadhali."

Vidole viwili. Kisha kimoja. Barabara ilizidi kupanda, na upande wa kushoto ndio ulikuwa wa bonde, na gari likawa linavutwa huko, kwanza kidogo kama mtu anayekugusa kiwiko, halafu kwa nguvu, hata Fundi akawa anaendesha kwa mikono yote miwili huku jasho likimtiririka kwenye baridi, ukungu umeziba kioo cha mbele, bati linakwangua tairi kila kona, harufu ya mpira unaoungua imechanganyika na harufu ya chaki, na nyuma yake Shemeji anacheka kichinichini kama bibi harusi, na katikati ya kicheko ile sauti nyingine, haikasiriki, haichoki, inarudia kwa upole uleule, kona baada ya kona, nikague, kaka, nikague, nikague basi, mpaka akaona jengo la bati na rundo la matairi kando ya barabara, akakanyaga breki.

Ilikuwa karakana. Fundi wa pale, mtu mwenye mikono kama koleo, hakuhitaji lugha. Aliona gari lilivyolala, akaleta jeki. Upande wa kulia uliinuka. Upande wa kushoto jeki ilipanda, ikalia, ikapinda, na gurudumu halikuacha ardhi. Yule mtu akaingiza mkono dirishani, akaugusa ule mkanda wa kupandia uliokuwa kitini, akauchomoa mkono kama aliyegusa sufuria motoni. Akaenda kumwita mama yake.

Mama huyo alikuwa mganga, bibi mfupi mwenye ndala za mpira na pete ya funguo shingoni. Hakuchoma kitu, hakuimba. Alifungua milango yote ya gari, akamkalisha Fundi mbele na Shemeji kwenye godoro, naye akachuchumaa nje, akazungumza na kile kiti kwa muda mrefu, kama anayembembeleza mgeni asiyetaka kuondoka. Halafu akamgeukia Shemeji, akasema maneno mengi.

Shemeji akatafsiri.

"Anasema huyu si mume wangu. Ni jini wa safari, anakaa mahali palipowekwa kwa ajili ya asiyekuwepo. Anasema amevaa sura yake kwa sababu mmoja wetu ana neno la marehemu amelificha. Likisemwa, hatakuwa na cha kuvaa." Akamwangalia Fundi. "Mimi sina neno, shemeji."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alishika usukani wa gari lililosimama.

"Kamba haikukatika," alisema.

Nje, ukungu ulikuwa unapita mlangoni.

"Tulikuwa tunabishana gari gani tutanunua. Yeye anataka vani, mimi nataka jipu. Alianza kufunga fundo, akaliacha anionyeshe kwa mikono kitanda kitakuwa kirefu kiasi gani. Akanichekesha. Kisha akapanda. Akasema 'nikague,' nikamwambia 'nimekukagua,' na mimi nilikuwa namtazama usoni, nacheka. Sikuangalia fundo. Alifika juu, akajiegemeza nyuma kwenye kamba nimteremshe, kama siku zote. Aliniamini. Alipoanguka... nililimaliza lile fundo mimi, shemeji. Kwa mikono hii. Halafu nikaisugua kamba kwenye jiwe mpaka ikakatika."

Springi ya kushoto ililia, mlio mrefu wa chuma kinachopumua, na gari likainuka polepole upande ule. Vile vitanzi vya mapajani vikanywea, vikalala juu ya kiti. Harufu ya chaki ikatoka nje, ikafuata ukungu. Fundi alishuka, akapima. Vidole vinne.

Mganga akasema tena jambo, akionyesha ule mkanda, kisha pipa la moto wa takataka lililokuwa likiungua nyuma ya karakana.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasema imetosha," alijibu Shemeji.

Alikuwa anafungasha nguo zake. Hakulia. Fundi angetoa mkono wake wa kulia ili amwone analia.

"Miezi tisa nimeilaani kamba," alisema. "Yule aliyetuuzia nilimfuata dukani kwake, nikamwita muuaji mbele ya wanawe. Akafunga duka. Ulijua. Ulinisindikiza."

"Shemeji..."

"Jini ametoka kusikojulikana akataka ukweli usemwe. Wewe ulikuwa nao nyumbani, ukautafutia kipande cha jiwe." Akaikunja kamba, akaiacha kitini. Mkanda wa mumewe akautia ndani ya begi lake, na Fundi hakusema kitu, kwa sababu ule ni urithi wa mjane na yeye hakuwa na haki ya kusema. "Gari ni lako. Huko mbele sitaki kwenda na wewe, na nyumbani sitaki kukuona."

Basi la kuteremka lilifika saa kumi jioni, taa zimewaka kwenye ukungu, nalo lilikuwa tupu kabisa. Fundi alisimama mlangoni mwa karakana na mganga kando yake. Alitaka kumwita, akakosa jina la kumwitia. Shemeji alikanyaga ngazi, akapanda, na basi likadidimia kidogo upande wa mlango, likarudi juu, kama basi lolote linavyofanya mtu mwembamba anapopanda.

Aliketi dirishani. Begi aliliweka kwenye kiti kilicho karibu naye. Mlango ulikuwa bado wazi, na pale nje hapakuwa na mtu mwingine.

Basi likadidimia tena.

Safari hii zaidi. Kilo sabini, Fundi alijua. Amezipima maisha yake yote, na uzito ule alikuwa amewahi kuubeba. Kupitia kioo alimwona Shemeji akifunga macho na kuinamisha kichwa taratibu upande wa kile kiti.

Mganga akamshika mkono, akasema maneno yaleyale aliyoyasema mara ya mwisho, sasa polepole, kama kwa mtoto. Alipoona haelewi, akazungusha vidole vyake kiunoni, kama mtu anayevaa mkanda. Kisha akauvua ule mkanda usiokuwepo, akautupa kuelekea kwenye pipa la moto.

Fundi alikimbia. Alikimbia hadi pumzi zikamwishia, akiita shemeji, shemeji, lakini basi lilikuwa limeshaingia kona ya kwanza, na taa zake za nyuma zilikuwa zimelala, moja chini ya nyingine, upande wa bonde.