Fundi Aliyemfungia Mwanawe Mtaa Mzima

Sogeeni, majirani, na mwenye masikio asijifanye kiziwi, maana kisa hiki ni chetu sote.

Jumatatu moja asubuhi, Fundi Kufuli alikuwa kibandani kwake, tupa mkononi, anasugua meno ya ufunguo huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa amemletea chai, wakawa wanataniana kama vijana. Mara simu ikalia. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Kijiti, mtoto wao wa miaka kumi na sita, angetoka mahabusu ya watoto siku ya Ijumaa.

Mama mtu alilia kwa furaha. Miezi kumi! Kijana aliponzwa na wakubwa zake, akawashikia simu walizoiba, wenzake wakatimua mbio, akakamatwa yeye. Kosa ni kosa, na adhabu yake alikuwa ameimaliza.

"Ila anatoka kwa dhamana yako, mzee," afisa akasema. "Miezi mitatu. Likija lalamiko, nami nikute husimami naye, anarudi huku."

"Nitasimama naye," Fundi akajibu bila kusita.

Sasa utazameni mtaa wetu. Kufika adhuhuri habari zilikuwa zimeenea kote, na wa kwanza kutokea kibandani alikuwa Mama Saluni, msusi wa mlango wa pili. "Fundi, nitafutie kufuli la maana. Si kwa ubaya, lakini unajua tena." Akaja muuza nyama. Akaja mwalimu, naye si kwa ubaya. Hata yule bibi kizee ambaye mlango wake haukuwahi kujua kufuli, akaja na mkongojo wake kuulizia komeo. Si kwa ubaya! Jamani, na ubaya wenyewe ungekuwaje?

Na Fundi je? Hapa ndipo damu inaponichemka. Kazi zote alizipokea! Siku nne alizunguka na keekee yake ya kutobolea milango, nyumba hadi nyumba, akiwafungia watu milango dhidi ya mtoto wake wa kumzaa.

"Kazi ni kazi," alimwambia mkewe. "Nikikataa, wataita fundi mwingine."

Alhamisi jioni akapiga kufuli moja la mwisho, kwenye chumba chao cha kulala.

"Na hili je?" mkewe akauliza.

"Tahadhari tu."

"Tahadhari ya nani, Baba Kijiti? Mtaje jina."

Fundi akakusanya vifaa vyake.

Ijumaa Kijiti akarudi, mrefu kuliko alivyoondoka, nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mtoto huyu alikulia kibandani, na anaijua kazi ya baba yake. Kila kufuli analofunga Fundi, hugonga nukta tatu kwenye kile kibati kinachoshikilia kufuli mlangoni. Kijiti alitembea nyuma ya baba yake akisoma milango, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, yote haya mapya umefunga wewe?"

"Wiki hii kazi ilikuwa nyingi."

Walipofika nyumbani akaziona nukta tatu kwenye mlango wa wazazi wake. Alikula, akashukuru, akaosha vyombo.

Wiki mbili alijitahidi. Alifagia kibanda kabla jua halijapanda, akachonga funguo vizuri kuliko babaye. Wateja wakimkuta peke yake walikumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Kisha ikaja Jumanne. Mama Saluni alifungua stoo yake asubuhi, mtungi wa gesi haupo. Uuuwi! Alipiga yowe mpaka mtaa mzima ukajaa mlangoni. "Nani mwingine? Niambieni, nani mwingine?" Kabla chai haijapoa, watu walikuwa wamepiga simu, na afisa amefika.

"Mzee," afisa akamwuliza Fundi mbele ya watu, "unasimama naye?"

Fundi akamgeukia mwanawe. "Kijiti, mtungi wa watu umeupeleka wapi?"

Kijana hakulia. Alimtazama tu. "Baba, kufuli umeliangalia?"

Fundi akainamisha kichwa. Mtu aliyefanya kazi ya makufuli miaka ishirini, hakuwa amepiga hata hatua kumi kwenda kulitazama! Kijiti akaenda zake na afisa.

Mchana Mama Saluni akaleta lile kufuli. "Nibadilishie, hili halifai." Fundi akaligeuza mkononi, akalichunguza. Halikuwa na mkwaruzo. Wala halikuwa limevunjwa.

"Hili limefunguliwa kwa ufunguo wake. Nilikupa funguo tatu. Wa tatu anao nani?"

"Mdogo wangu, lakini yeye..."

Wakamfuata mdogo wake. Bwana mkubwa alikuwa ameupeleka mtungi kwa mchumba wake aliyekuwa na wageni. "Si nimeazima tu, dada? Nilisahau kukuambia." Alisahau! Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Saluni, nawe ukamrukia mtoto wa watu.

Fundi alikimbia hadi ofisini kwa afisa na kufuli mkononi. Afisa akashusha pumzi. "Nilikuuliza mbele ya watu, mzee. Sasa jalada liko kwa hakimu, na hakimu atasikiliza mwezi ujao."

Wakamruhusu dakika chache na mwanawe.

"Mwanangu, nisamehe. Mtungi umepatikana. Na lile kufuli la chumbani nimeling'oa."

Kijiti akatikisa kichwa. "Ungeling'oa kabla sijaliona, baba."

Akainuka, akarudi ndani. Mpaka leo yuko huko.

FUNZO

Mtoto aliyemaliza adhabu amemaliza. Anayemwongezea nyingine ni mwizi pia, na wizi wake hauna mahabusu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwenyewe akilitupa koleo jalalani, nani ataliokota? Wewe mzazi, siku watu watakapomnyooshea mwanao kidole, kaliangalie kufuli kwanza. Nasi wa mtaa huu, tumwombe mtoto radhi. Mwezi ujao mahakama itakuwa wazi, tuone ni wangapi tutakwenda kusimama naye.