Karanga za Fundi Paa

Nyumbani kwa fundi paa, asubuhi ilianza kwa kelele za sufuria. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiko kwa tabia yake ya kuonja kila kinachochemka, alikuwa akimfungia baba chakula cha mchana kabla ya kwenda shule: maharage, mchicha na kipande cha papai.

Zamani fundi alipitia chipsi njiani na kushiba hapo hapo. Mambo yalibadilika siku alipopata kizunguzungu akiwa juu ya ngazi. Muuguzi wa zahanati alimpima akakuta presha imepanda. Alimpa vidonge, akamkataza kupanda paa mpaka ishuke. Tangu hapo fundi alibaki chini akikata mbao, huku vijana wake wa kazi wakigonga misumari juu. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Kijiko akaapa kumrudisha baba yake juu. Shangazi aliyeishi nao alimwachia jiko, ingawa hakuacha kumtania kwamba mboga zake zina afya mpaka zimesahau ladha. Kijiko alipunguza mafuta, akadokoa chumvi kwa ncha za vidole, akaongeza ndimu na kitunguu saumu. Fundi alikula bila kunung'unika, na vidonge alimeza. Lakini waliporudi zahanati, presha ilikuwa pale pale. Njia nzima Kijiko alijiona amepika bure.

Jumamosi alimpelekea baba chakula kazini. Alimkuta ameketi na vijana wake kwenye rundo la mbao, katikati yao pakiti ya karanga za kukaanga, zimepakwa chumvi nyeupe pe. Fundi alikuwa akilamba vidole.

"Baba, na chumvi yote hiyo?"

"Mwanangu, muuguzi mwenyewe alisema karanga ni nzuri kwa moyo. Mimi namtii tu."

"Na hiyo chumvi juu yake, nayo aliisema?"

Vijana wakacheka. Mmoja akamtetea mkubwa wake: mtu wa juani hutoka jasho la chumvi, lazima airudishe, na mafundi wote wanajua hivyo. Fundi hakucheka. Alimtazama binti yake, kisha akaisukuma pakiti kando.

"Nimekuangusha, mpishi wangu," alisema polepole. "Wewe unaidokoa nyumbani, mimi naibugia huku."

Tangu wiki ile Kijiko alikaanga karanga mwenyewe, kavu, bila chumvi. Vijana walinuna kwanza, kisha wakaanza kuzigombania. Jasho wakalirudisha kwa maji ya kunywa.

Safari iliyofuata ya zahanati, muuguzi alipima, akarudia kupima, akatabasamu. Presha ilikuwa imeshuka. Fundi aliruhusiwa kupanda, ila asiache vidonge mpaka aambiwe. Akauliza ni chakula gani hasa kilichomponya.

"Hakuna chakula kimoja cha miujiza, fundi," muuguzi alijibu. "Maharage, mboga za majani, matunda, karanga, vyote vinausaidia moyo na mishipa ya damu, mradi usivizamishe kwenye chumvi na mafuta. Na ule hivyo kila mahali. Moyo unaokwenda nao kazini ndio huo huo unaorudi nao nyumbani."

Jioni hiyo Kijiko aliishika ngazi kwa mikono miwili, na baba yake akapanda.