Matundu Chini ya Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nukta alifagia. Zamani alifagia uwanja wote wa mbele, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Siku hizi alifagia kijia chembamba tu, kwa sababu mama yake, muuguzi wa zahanati, alikuwa amepanda mimea ya asili katika sehemu yote iliyobaki. Mbegu alizikusanya kando ya barabara kabla ya vichaka kufyekwa. Sasa maua ya manjano na ya zambarau yalifika kiunoni, nyuki na vipepeo wakayajia.

Mtaa haukufurahi. Pale, uwanja uliofagiwa ulikuwa ndio heshima ya nyumba.

"Nukta, fisi wenu wameamka?" aliuliza jirani yao, fundi cherehani, aliyeshona barazani huku akilinda maboga yake yaliyotambaa kwenye uzio. Wateja wake walicheka. Shuleni nako utani ukamfuata. Wenzake walimwita Binti Msitu.

Jioni moja, mama akiwa kazini, fundi alinyoosha mkasi wake juu ya uzio.

"Yaone matundu hayo chini ya maua! Sisimizi hao wakiingia kwenye vitambaa vyangu, tutajuana."

Nukta alichemsha maji, akayamwaga katika tundu moja baada ya jingine, kisha akafagia udongo ukalala sawa.

"Kumbe una akili," fundi alisema. "Sijui umeirithi kwa nani."

Siku chache baadaye, maboga machanga ya fundi yalianza kugeuka manjano, yakanywea na kuanguka. Fundi alimwita mwenye nyumba zote mbili. Mzee huyo alikuja na fyekeo mkononi.

"Mama Nukta, wadudu wa msitu wako wamemaliza maboga ya mwenzako. Leo nafyeka."

Mama aliokota boga changa, akalipasua kwa kisu. "Tazama, mzee. Hakuna funza wala alama ya kuliwa. Ua la kike la boga lazima lipate chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka kwa ua la kiume. Nyuki ndiye anayeupeleka."

"Nyuki gani?" fundi alidakia. "Ulisema msitu wako utawaleta. Wako wapi?"

Wote walitazama maua. Hakuna kilichovuma.

"Walikuwepo," mama alisema. "Hawa hawaishi kwenye mzinga. Kila jike huchimba tundu lake ardhini na kutaga humo. Sijui wamepatwa na nini."

"Basi, kama hujui..." Mwenye nyumba alishusha fyekeo, na mashina ya kwanza yakaanguka.

Nukta alimtazama fundi. Ghafla fundi akajishughulisha na futi yake ya kupimia.

"Ni mimi!" Nukta alisema. "Niliyamwagia matundu maji ya moto. Nilidhani ni ya sisimizi."

Fyekeo lilisimama. "Nani alikutuma?"

"Sikutumwa, babu. Nilichoka kuchekwa."

"Mimi nilisema sisimizi tu," fundi alipaza sauti. "Sikumwambia achemshe maji!"

"Kwa hiyo ulimwona," mwenye nyumba alisema. "Na ukaniita niache kazi zangu nije kufyeka." Akamgeukia mama. "Sitaki hadithi. Nyuki hakuna, haya, mfanye kazi yao. Maboga yakishika, mimea ibaki. Yasiposhika, nitarudi na hili."

Tangu siku hiyo, Nukta aliamka alfajiri, maua ya boga yanapofunguka. Mama alimwonyesha jinsi ya kuchuma ua la kiume, kulibandua petali, na kupaka chavua yake katikati ya ua la kike, lile lenye kiboga kidogo chini yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, na usinikanyagie mashina. Hilo mbona unaligusa kama linauma? Paka vizuri!"

Hakumpa hata kiti. Lakini maua yaliyopakwa yalishika, na viboga vikanenepa. Mwenye nyumba alirudi, akaminya kimoja kwa dole gumba, akaondoka.

"Bado ni msitu," fundi alisema.

Jioni ile Nukta alimkuta mama akifukia mbegu pale palipofyekwa.

"Mama, nyuki watarudi?"

"Huenda. Matundu ya kule pembeni hukuyafikia. Siwezi kukuahidi." Mama alijipangusa mikono. "Ulifanya kazi kwa bidii, mwanangu, lakini hukuuliza kwanza, na wasio na kosa wakafa. Hilo ni kutojua, na dawa yake ni kuuliza. Ila kama ungenyamaza huku fyekeo likishuka, ungekuwa unajua unachokifanya. Ugonjwa huo zahanati yetu haina dawa yake. Sasa kalale. Alfajiri fundi ana maua mengine yanayofunguka."