Kuku Waliozunguka Kimya

Kila asubuhi mke wa Fundi Betri alifagia ua, na mumewe akawasha jiko la kuyeyushia risasi. Si risasi za bunduki, ni ile risasi nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri za magari. Betri alizozitengeneza upya kwa risasi hiyo zilidumu, na wateja walimsifu. Binti yao mdogo walimwita Chiriku, kwa vile mdomo wake haukupumzika.

Kisha kuku wakaanza vituko. Walizunguka mahali pamoja, shingo zimepinda, bila kutoa sauti. Mmoja mmoja wakajilaza, wakafa. Paka akafuata. Halafu Chiriku naye akaacha kuongea. Alikaa akitazama ukuta. Mama yake alipomwita, aligeuka taratibu, akamwangalia kama mtu asiyemjua.

"Ua huu una kitu," bibi yake Chiriku akanong'ona. "Tuhame."

Mama akasisimka mwili. Hata mchana, ua ulikuwa kimya kupita kiasi. Akaanza kufunga mizigo.

Jirani yao, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa ubora katika kiwanda cha rangi, alikuja kuchukua betri yake, akamkuta mama ameketi juu ya furushi. Aliposikia habari za kuku, alipitisha kidole dirishani. Kikatoka na vumbi la kijivu.

"Shoga, mkihama na jiko hilo, mtakuwa mmehama na hicho kitu," alisema. "Ni sumu ya risasi. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, na watoto ndio huumia zaidi. Mpelekeni mtoto akapimwe damu leo hii."

"Mbona betri zangu ni nzuri?" fundi akauliza.

"Kwa mteja ni nzuri, shemeji. Lakini ubora ni pamoja na kufuata sheria za kazi yenyewe. Uliwahi kuuliza sheria inasemaje kuhusu kuyeyusha risasi nyumbani?"

"Hizo si za viwanda vikubwa?"

"Zinakuhusu na wewe. Imekatazwa."

Damu ya Chiriku ilikutwa na sumu. Daktari akamlaza, akakataza asirudi kwenye ua ule kabla haujasafishwa. Fundi aliitazama mikono yake.

Wakaenda ofisi ya mazingira. Jiko likazimwa moja kwa moja, na udongo wa juu ukachimbwa na kuondolewa. Karakana ikahamishwa mbali na nyumba. Siku hizi betri zilizokufa hupelekwa kwenye kiwanda chenye kibali, na fundi huoga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa familia.

"Sheria hubadilika," jirani aliwaonya. "Mmoja wenu azifuatilie, akague kama mnazitimiza. Na kabla ya kuanza kazi mpya, ulizeni."

"Nitafuatilia mimi," mama akasema.

Chiriku amerudi kuongea, ingawa kuna maneno anayatafuta kwanza.

Juzi mteja alileta betri ya aina ngeni, imevimba ubavuni.

"Fundi, hii unaweza kuifungua?"

Fundi alikwisha kushika bisibisi. Akaiweka chini, akamtazama mkewe.

"Iacheni huko nje, msiiguse," mama alisema, akivaa viatu. "Nakwenda kuuliza."